Gunvor na Simu ya Chama

Kila mwaka, mwezi wa Machi, katika mji wa Horsens, Gunvor Damgaard alisimama mbele ya watu akasema uongo, na kila mwaka watu walimpigia makofi.

Uongo wenyewe ulikuwa wa adabu tu. Huko Denmark kila chama, kiwe cha wafuga njiwa au cha wanaoogelea baharini wakati wa barafu, kina mkutano mkuu wa mwaka. Ikifika zamu ya kumchagua mwenyekiti, yule aliyepo husimama na kusema amekaa vya kutosha, na kama kuna mwenzake anayekitaka kiti, yeye yuko tayari kupisha. Hapo watu huinamia vikombe vyao vya kahawa. Mmoja hujitokeza kusema, "Aa, wewe kaa bwana, unatufaa," makofi yanapigwa, keki inakatwa. Hakuna anayedhani ule ni mwaliko. Hata mtoto wa shule anajua.

Chama cha Gunvor kilikuwa cha watu waliobadili jinsia. Yeye ndiye aliyekianzisha na wenzake wanne, kwenye chumba cha chini cha jengo la wafanyakazi, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyewahi kukikalia kile kiti. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpana wa mabega, na mikono iliyozeekea kwenye kiwanda cha nyama. Kazi ya kuongoza watu aliijulia kiwandani humo, enzi akiitwa jina la kiume alilopewa na wazazi. Alikuwa msemaji wa wafanyakazi, yule anayetumwa kwa wakubwa kudai glavu na muda wa kupumzika. Siku alipowaambia wenzake kwamba yeye ni mwanamke, na kuanzia leo aitwe Gunvor kama bibi yake, kiwanda kizima kiliweka visu chini. Kisha mzee mmoja wa mashine ya soseji akauliza, "Sawa, Gunvor. Na zile glavu umezipata?" Kisa hicho alikisimulia mara nyingi mno, na kila mara alicheka kabla hajafika mwisho.

Jumanne jioni alikuwa na darasa. Hakuliita darasa, aliita kahawa, lakini waliokuja walijua watafanyishwa kazi. Aliwasimamisha mmoja mmoja juu ya sanduku la bia lililopinduliwa, wazungumze kama vile wako mbele ya baraza la mji. Aliwafundisha kufungua mkutano, kumnyamazisha msemaji asiyekoma bila kumuaibisha, kusimama mstari wa mbele kwenye maandamano bila kujibu matusi.

"Na usiingie kwenye kura ambayo huijui," alikuwa akisema. "Mtembelee kila mtu kwake. Kunywa kahawa yake, hata ikiwa maji ya kuoshea vyombo. Sikiliza kuliko unavyosema. Na yule unayetaka kumpinga, nenda kwake pia. Kumzunguka mtu ni woga."

Kisha kulikuwa na simu ya chama. Ilikuwa kisimu kidogo cha vibonyezo, na namba yake ilibandikwa kwenye kuta za zahanati na maktaba. Yeyote kati yao aliyekuwa na safari ya hospitali, ya polisi au ya ofisi, akaogopa, alipiga namba ile, na chama kilimtuma mtu wa kufuatana naye. Ndiyo kanuni ya kwanza ya chama: hakuna anayekwenda hospitali peke yake. Gunvor aliitunga mwenyewe, na hakusema sababu. Sababu ilikuwa kwamba zamani, mwaka wake wa kwanza wa kuvaa gauni, alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu katika hospitali ambayo sitaitaja, akaachwa koridoni usiku mzima kwa kuwa wahudumu hawakukubaliana alazwe chumba cha wanawake au cha wanaume. Walisimama juu ya kichwa chake wakijadiliana kama watu wenye kabati lisiloingia mlangoni. Alisikia kila neno.

"Mtu akipiga," aliwafundisha, "usimuulize ana nini. Muulize yuko wapi. Akinyamaza, usikate. Wengi hunyamaza kwanza."

Aliwafundisha wote kuipokea simu ile, na hakumpa hata mmoja aipokee. Ilishinda mfukoni mwake na ililala chini ya mto wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake, na mimi sioni haja ya kuificha. Alimfundisha kila mtu kuogelea, kisha akakaa mlangoni mwa bwawa na ufunguo.

Katika wanafunzi wake aliyekuwa mbele alikuwa Eskil, dereva wa basi la mji, mwanamume wa miaka thelathini na ushei. Alipofika mara ya kwanza alikaa karibu na mlango bila kuvua koti, na alipoulizwa jina, jina alilojichagulia mwenyewe lilimkwama kooni. Sasa alikuwa na uwezo wa kusimama mbele ya baraza la mji bila karatasi. Gunvor alimwita mwanangu. Yeye alimwita Gunvor mwenyekiti, hata akimkuta anapiga deki.

Tena kulikuwa na habari ya hospitali ya Gunvor mwenyewe. Msikimbilie mnakofikiria. Ukitaja tu mtu wa namna hii na daktari, watu wanadhani upasuaji duniani ni mmoja. Hii ilikuwa nyonga. Nyonga ya kushoto, iliyoliwa na miaka ya kusimama juu ya saruji baridi. Hospitali ilimpa tarehe, akasema siku hiyo ana mkutano. Ikampa nyingine, akasema siku hiyo ana maandamano. Hakudanganya. Alikuwa na mkutano siku zote.

Wiki moja kabla ya mkutano mkuu, Eskil alipita kwake kunywa kahawa. Walikaa jikoni, wakala mkate wa rai, ule mweusi mzito wa Kidenmark, na jibini.

"Mwenyekiti," Eskil alisema, "siku ukipumzika, utafanya nini?"

"Nitakufa," alisema Gunvor akicheka. "Kula, mwanangu. Umekonda."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nimekujibu kweli. Jibini hilo."

Alipomsindikiza mpaka chini, alishuka ngazi kwa kushika ukuta kwa mikono miwili, ngazi moja moja. Eskil alimsubiri chini, akimtazama.

Basi mkutano ukafika. Wanachama karibu arobaini walijaa kwenye chumba cha chini, wakaimba wimbo wa kufungulia, wakasikiliza ripoti ya mwaka, wakapitisha hesabu. Aliyeendesha alikuwa Palle, mstaafu wa chama cha wafanyakazi, mtu wa taratibu, ambaye hata nyumbani kwake nadhani huomba nafasi ya kuzungumza. Akavaa miwani yake ya kamba, akasema, "Ajenda ya sita. Uchaguzi wa mwenyekiti."

Gunvor akainuka, mkono mmoja mezani kwa ajili ya nyonga. "Mimi nimekaa vya kutosha," alisema. "Kama kuna mwenzangu anayekitaka kiti, nipo tayari kupisha."

Watu wakainamia vikombe. Gunvor alikwisha anza kukaa.

"Mimi nakitaka," alisema Eskil.

Gunvor alibaki nusu amekaa, nusu amesimama. Kwanza alidhani ni utani, akawa tayari kucheka, akamtazama Eskil usoni na kicheko kikamkauka. Kijana alikuwa amesimama wima, mikono imetulia mapajani, vile vile alivyofundishwa juu ya sanduku la bia.

"Unataka nini?" aliuliza Palle.

"Kiti. Amesema kama kuna anayekitaka."

"Anasemaga hivyo kila mwaka," alinong'ona mama mmoja nyuma, kama mtu anayemwonya mgeni.

"Najua," alisema Eskil. "Mwaka huu nimemsikia."

Palle alivua miwani, akaivaa tena. Katika maisha yake yote ya mikutano hakuwahi kuona mtu akifanya jambo hili, na alilolitafuta kwenye katiba ya chama alilikuta limeruhusiwa. "Basi tutapiga kura ya siri," alisema kwa sauti ndogo. "Jamani, nani ana karatasi?"

Wakachana bahasha. Vipande vilipokuwa vikipita, Gunvor alizungusha macho chumbani, kama alivyozoea kufanya kila mahali penye kura, akihesabu nyuso. Ndipo alipogundua. Karibu hakuna aliyeshangaa. Walioshangaa ni yeye, Palle na yule mama wa nyuma tu. Wengine walikaa na uso wa mtu aliyekwisha kata shauri zamani, mezani kwake, na kikombe mkononi. Kijana amezunguka nyumba karibu zote. Amekunywa kahawa ya karibu kila mtu. Halafu likamjia la mwisho, likampiga vibaya zaidi: amekunywa na yake. Alikuja jikoni kwake akamuuliza waziwazi, yeye akamlisha jibini.

Alishindwa kwa kura tatu.

Watu walipiga makofi yasiyojua yaende wapi. Gunvor alisimama, akampa Eskil mkono kwa kuwa hivyo ndivyo inavyofanywa, kisha akaenda jikoni kuweka kahawa, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi yake pia. Akakuta kahawa imekwisha wekwa. Keki zimekwisha katwa. Alisimama katikati ya jiko lile asijue pa kuweka mikono.

Eskil alimfuata.

"Ulifika hapa huwezi kutaja hata jina lako," alisema Gunvor.

"Kweli."

"Nikakusimamisha mimi."

"Wewe. Hakuna mwingine."

"Ili uje kuninyang'anya mbele ya watu?"

"Umetufundisha kuendesha mikutano, Gunvor. Hukutupa hata mmoja." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, na wote wawili walilisikia. "Na nimekuona kwenye ngazi."

"Nyonga yangu si mwanachama wa chama hiki."

Gunvor akatia mkono mfukoni, akaitoa ile simu, akaibwaga kando ya keki. "Chukua basi. Na hii chukua," alisema, akavaa koti na kuondoka bila kula. Njia nzima alilia kwa hasira, mwanamke mzima, akichechemea kando ya reli. Aliona kama amevuliwa nguo mbele ya watu. Nani atamhitaji sasa? Bila kile kiti, yeye ni bibi kizee wa ghorofa ya tatu.

Siku zilizofuata zilimshtua kuliko kura. Simu yake mwenyewe ilikaa kimya. Asubuhi alijikuta amevaa, tayari, hana pa kwenda. Usiku mkono uliingia chini ya mto ukitafuta kitu, ukarudi mtupu. Alitarajia kusikia chama kimevurugika. Mungu anisamehe kumsema, nadhani alitamani. Akasikia kwamba Eskil amempa mmoja darasa la Jumanne, mwingine maandamano, na kwamba yule mama wa nyuma, ambaye miaka yote hakuwahi kupewa ila sahani za kuosha, ndiye atakayezungumza mbele ya baraza la mji.

Kisha hospitali ikampigia. Alikuwa nesi mwenye sauti ya uchangamfu. "Gunvor Damgaard? Tumepata nafasi ya nyonga yako, Jumatatu ijayo. Utaweza, au una mkutano?"

Alifungua kinywa kusema anao. Akatafuta, kushoto, kulia. Hapakuwa na mkutano. Hapakuwa na maandamano, wala mtu wa kumpeleka popote. Hapo, jikoni, amesimama kwa mguu mmoja, ndipo alipokiona kitu ambacho miaka yote alikizungushia ajenda ili asikione. Hakuwa na shughuli. Aliogopa. Mwanamke aliyewapeleka watu hospitali mpaka wauguzi wakamjua kwa jina, mwenyewe alikuwa akiogopa kulala kitandani watu wasimame juu ya kichwa chake.

"Hallo?" alisema nesi.

"Nitakuja," alisema Gunvor.

Jumapili alipanga begi, akalipangua, akalipanga. Aliazimia kwenda peke yake. Jioni alisimama na simu mkononi akiikodolea macho. Namba ya chama aliijua, ndiye aliyekwenda kuichukua, ndiye aliyezibandika zile karatasi ukutani kwa mkono wake. Lakini hakuwahi kuipiga. Kwa nini aipige, wakati ilikuwa mfukoni mwake?

Akabonyeza. Ikaita mara mbili.

"Chama hapa," ilisema sauti ya Eskil. "Uko wapi?"

Gunvor alitaka kutania, aseme yuko mbinguni. Sauti ikamgomea. Akasimama pale, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza akajua wale wote walionyamaza walikuwa wakinyamazia nini. Akangoja Eskil akate. Yeyote angekata. Ungedhani ni watoto wanachezea simu.

Eskil hakukata. Kwa mbali ilisikika injini ya basi lililoegeshwa, na yeye akipumua taratibu, akisubiri, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani.

"Niko nyumbani," alisema Gunvor hatimaye. "Kesho nakwenda hospitali, na sitaki kwenda peke yangu."

"Saa ngapi tuje?" alisema Eskil, na hakumuuliza jina.