Chupa Sita Zilizoandikwa Majina ya Marehemu

Naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mcheke, maana kila anayesimulia mkasa huu huanzia pale panaponiaibisha na kuachia pale panaponiponya (na pa kuniponya penyewe ni padogo). Ndiyo, mimi ndiye yule muuza duka la kijiji aliyewauzia mafuta ya taa watu waliokwisha kuzikwa. Nimekiri. Sasa tuendelee.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kijiji chetu kilikuwa kwenye barabara inayotoka Kilosa kwenda Mikumi, ukishaipita Zombo. Duka lilikuwa moja, la wote, na mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri (mwalimu wangu aliusifu sana, angejua utakuja kufanya kazi gani asingeusifu). Bidhaa zilikuwa adimu. Mafuta ya taa yakija, yanakuja pipa moja kutoka ghala la Kilosa, nayo yanagawiwa chupa moja kwa kila nyumba, balozi wa nyumba kumi akisimama pembeni na orodha yake, na mimi naandika kwenye daftari jina la aliyechukua. Chupa moja. Hata mwenyekiti wa kijiji alichukua chupa moja.

Sasa mimi wakati huo nilikuwa nimeposa Mikumi. Binti anaitwa Zena, na mama yake, Bi Tatu, alikuwa mwanamke mwenye maneno machache yanayokaa kifuani wiki nzima. Basi Jumatano, pipa lilipofika tu, ikanifikia salamu yake kwa mtu aliyeshuka kwenye lori la kutoka Mikumi: Ijumaa kuna maulidi nyumbani kwake, karabai, ile taa ya pampu, ameazima lakini mafuta hana. Halafu akaongeza, "Mwambieni, mkwe anauza mafuta na nyumba ya mkwewe ina giza, huyo ni mkwe gani?"

Jamani, mngefanyaje? Nilifunga mlango wa duka kana kwamba napanga mizigo, nikatia mrija kwenye pipa, nikajaza galoni moja, yaani chupa sita. Bei nililipa yote mfukoni mwangu, msije mkaniita mwizi. Tatizo lilikuwa daftari, maana lazima kila chupa iwe na jina la mwenye nyumba. Nikakaa na kalamu nikafikiri, nikaona nikiandika jina la mtu aliye hai atakuja kudai chupa yake. Basi nikaandika sita ambao hawawezi kuja kudai kitu. Niliwachagua vizuri, marehemu wa siku nyingi, watu wapole.

Alhamisi alfajiri nikapanda baiskeli mpaka Mikumi, nikaliweka galoni barazani kwa Bi Tatu na kupiga hodi huku nimegeuza uso (kwetu mchumba haingii ua wa mkwe kabla ya ndoa, na akimwona mkwe anatazama chini), nikageuza baiskeli nikarudi. Mchana nikafungua duka na kugawa kwa haki kabisa. Usiku ule taa za kijiji zilivuma na kutoa miali mirefu, watu wakasema mafuta ya safari hii yana nguvu kweli, nami nikajibu ndiyo, yana nguvu, kama vile nimeyatengeneza mimi.

Ijumaa saa nne asubuhi ikaingia landrova ya wilaya kutoka Kilosa. Akashuka afisa wa biashara, mtu mfupi mwenye miwani, shati limelowa jasho, hata salamu hakumaliza. Alisema kule ghalani pipa letu lilitiwa mafuta ya taa wakati ndani bado mna petroli, na kwamba katika kijiji kingine kilichopata mafuta kama hayo koroboi (kibatari) imelipuka jana usiku, mama mmoja ameungua mikono yote miwili na nyumba imekwisha.

"Nataka kila chupa iliyotoka humu," akasema. "Jua likizama watu watawasha. Daftari unalo?"

"Ninalo, bwana."

"Limeandikwa vizuri?"

"Vizuri sana, bwana." (Mwandiko, nilimaanisha.)

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa watatu tu, mimi, yeye na mwenyekiti. Ningesema nikamaliza, aibu ingebaki ndani ya kuta nne. Lakini nikajidanganya kwamba wakishughulika na kukusanya mimi nitateleza kwa baiskeli mpaka Mikumi nilichukue lile galoni kimyakimya. Nikauliza kama naweza kutoka kidogo. Afisa akanitazama kwa juu ya miwani yake.

"Wewe ndiye unayejua walionunua. Huendi popote."

Kikagongwa kile kipande cha reli kilichotundikwa ofisini, watu wakaja mbio wakidhani kuna moto, na kwa kweli walikuwa hawajakosea sana. Mabalozi wakatumwa nyumba kwa nyumba kuleta chupa za wazee na wagonjwa, wengine wakaleta wenyewe, na afisa akaketi kwenye kreti mbele ya duka, daftari langu magotini, akaanza kusoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Anayeitwa anaitika, anaweka chupa chini, afisa anatia alama. Mambo yalikwenda haraka mno. Mimi nilikuwa nahesabu kurasa.

"Mohamedi Mloka!"

Afisa akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Mohamedi Mloka! Yuko wapi huyu?"

Bi Hadija, mjane wake, akainuka taratibu katikati ya kina mama. "Yuko makaburini, bwana afisa, mwaka wa nne huu. Kama amekuja dukani bila kupita kwangu, mimi nitamuuliza."

Watu wakacheka. Afisa hakucheka, akasoma linalofuata, nalo likawa la marehemu, na linalofuata, na kicheko kikaanza kuisha, maana watu walianza kuelewa. Alipofika la sita hakuna aliyecheka tena. Kulikuwa na waliokuwa wamekosa chupa zao Alhamisi kwa sababu pipa lilikwisha kabla hawajafikiwa, na hao ndio waliosogea mbele.

"Chupa sita," afisa akasema. "Ziko wapi?"

Nikasema uongo. Nasema waziwazi kwa sababu ndilo jambo linaloniuma kuliko majina yote: nilisema zilimwagika. Eti mrija ulichomoka, mafuta yakanywewa na ardhi, nikaogopa, nikajaza majina ili chupa zitimie. Niliusema vizuri mpaka mwenyewe nikaona kama nakumbuka ule mwagiko. Watu wakanizomea, mwenyekiti akasema hili litajadiliwa kwenye halmashauri ya kijiji, lakini afisa, jamani, afisa alishusha pumzi akafunga daftari.

"Afadhali," akasema. "Yaliyomwagika hayamchomi mtu. Basi tumemaliza, narudi Kilosa."

Nikasikia utamu. Wallahi nilisikia utamu mwili mzima, kama mtu aliyetua mzigo. Nikamwona anatembea kwenda kwenye landrova, anafungua mlango, na hapo nikainua macho nikaona jua limeshavuka utosi, nikamwona akilini Bi Tatu anapiga pampu ile karabai, na Zena amesimama karibu ameshika kiberiti, na nyumba imejaa watu wa maulidi, watoto kwenye mikeka. Miguu ikakimbia kabla sijaiambia.

"Bwana afisa! Hayakumwagika! Yako Mikumi kwa mkwe wangu!"

Niliyasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa wamekwisha kuondoka walirudi. Bi Hadija akashika kichwa. "Kumbe mume wangu alikuwa anapeleka posa!" akasema, na hilo ndilo mlilolisikia ninyi, kwa sababu linachekesha.

Tukaingia kwenye landrova, mimi, afisa, dereva na mwenyekiti. Kufika Mikumi yapata saa kumi, nikasikia kutoka uani, psh, psh, psh, ile sauti ya pampu. Wanataka kuijaribu. Sikupiga hodi. Niliruka ua wa mabua, nikaanguka katikati ya wanawake waliokuwa wanachambua mchele, nikapindua beseni, nikainuka na mchele kwenye nywele, na wote wakapiga kelele, "Mwanamume uani! Mwanamume!" Mimi nikamvaa mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi hata kumtazama usoni, nikampokonya karabai mikononi.

"Shikamoo mama," nikasema. Ndilo neno pekee lililokuja.

Akajifunika uso kwa khanga. Zena alikuwa nyuma yake, kiberiti mkononi kweli, ananitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Afisa akaingia kwa heshima kuliko mimi, akaeleza, akanusa, akatikisa kichwa. Kisha akapima yaliyokuwa kwenye karabai na kwenye galoni. Chupa nne. Akauliza mbili ziko wapi. Sasa ikawa zamu ya Bi Tatu kutazama chini, mbele ya wageni wake wote, na mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake, maana mimi ndiye niliyemleta hapo. Akasema chupa moja ameipeleka kwenye hoteli ya chai barabarani, wakampa sukari ya maulidi. Dereva akatumwa, akairudisha haijafunguliwa.

"Na ya pili?"

Bi Tatu akanielekezea uso kwa mara ya kwanza. "Nimempelekea mama yako. Jana, kwa mtu wa lori. Mkwe akikuletea kitu hukirudishi chombo chake kitupu, ndivyo tulivyolelewa."

Sikumbuki nilivyorudi garini. Nakumbuka nilikuwa nambishia afisa, nasema mama hawezi kuwasha, mama yuko kijijini, amesikia habari zote, balozi amepita kwake maana miguu inamuuma na hakuja mkutanoni, chupa yake imerudishwa, mimi mwenyewe niliiona ikiwekwa chini. Afisa akanijibu bila ukali, "Imerudishwa ile iliyoandikwa."

Jua lilikuwa linashuka upande wa milima nasi tunarukaruka kwenye mashimo, na kabla ya kufika kijijini, kwenye korongo la mchanga, magurudumu yakazama. Dereva akakanyaga mafuta, yakazama zaidi. Nikashuka nikakimbia. Nilipita nyumba za watu wakanisalimia kwa kunizomea, nikapita duka, nikapita uwanja, viatu viliachwa njiani, na kote naona moshi wa jioni ukipanda majikoni na kusikia mwadhini akijiandaa kuadhini. Nilikuwa naomba kwa sauti, "Mama usiwashe, mama usiwashe," na pumzi hainitoshi hata la pili lisikike.

Alikuwa ameinama jikoni, koroboi imejazwa mpaka shingoni iko kando ya mguu wake, na mkononi ana kijinga cha moto alichokitoa kwenye mafiga. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Kilichokuwa karibu ni mtungi. Nikaunyanyua nikammwagia mama yangu mzazi maji yote, kichwani, na kijinga kikazima kwa mlio, na mtungi ukaniponyoka ukapasuka, majirani wakaja mbio na kumkuta mama amelowa chapachapa na mimi nimepiga magoti nahema, wakasema, haya sasa, baada ya marehemu kahamia kwa walio hai.

Afisa alifika kwa miguu, ametota jasho. Akaichukua koroboi, akaenda nayo mbali uwanjani, akamwaga kidogo chini, akarudi nyuma na kurusha kijiti cha kiberiti. Ikalipuka moto wa kimo cha mtoto, mara moja, bila hata kuanza polepole. Majirani wote wakarudi nyuma.

Mama alikuwa anajikamua khanga. Akasema, na hakusema nami, alisema na afisa, "Balozi alipokuja nilimpa ile ya dukani, ile mbaya. Nikasema hii ya Mikumi imetoka kwa mkwe, hii ni safi."

Halafu akanigeukia. Nilidhani atanilaani, nami nilikuwa tayari. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rama, mimi nisingekukasirikia. Ungesema tu asubuhi chupa zilikokwenda, wangezifuata huko hadi huku, wangenikuta nimelala zangu."

Nilivuliwa ufunguo wa duka wiki ile ile, nikalima shamba la kijiji msimu mzima bila siku zangu za kazi kuhesabiwa, na Zena nilimwoa baada ya mwaka, kwa msaada wa wazee na uvumilivu wake. Hayo yote yalipita. Lakini mpaka leo mtu akinipa kalamu niandike jina, hata la mchango wa harusi, nasema kwanza mwenyewe aje asimame mbele yangu nimwone anapumua, na akiniuliza kwa nini, namwambia tu kwamba mama yangu aliponea kwenye maji ya mtungi, na sitaki tena mtungi uje ufanye kazi niliyotakiwa kuifanya mimi kwa mdomo.