Krismasi ya Wageni Wawili

Miaka ya sabini, kila Krismasi mtaa wetu wa Kisumu ulibaki mtupu, watu wote wamekwenda kwao kijijini. Tulibaki wawili tu: mimi, mtu wa Tanga, na jirani yangu, mwalimu Mmarekani. Tulikaa barazani tukicheza drafti kwa vizibo vya soda. Akishindwa hununa kama mtoto.

"Kwani wewe huna kwenu?" nilimchokoza.

"Na wewe je?"

Mwaka mmoja malaria ilimbana siku yenyewe ya Krismasi. Niligonga milango nikitukana, makufuli matupu. Nikambeba hadi barabarani, hakukupita gari hata moja. Alinifia mgongoni.

Krismasi iliyofuata nilipanga vizibo, nikacheza pande zote mbili. Upande wake ulishindwa, na hapakuwa na wa kununa.