Taa ya Spana

Taa ya spana haijui kitu chochote kuhusu oili. Hili ni jambo la kwanza ambalo kila dereva angepaswa kuambiwa, na la mwisho ambalo ofisi yoyote hukubali kulisikia. Ile taa ndogo ya rangi ya machungwa, yenye picha ya spana, kazi yake ni kuhesabu kilomita. Zikitimia elfu tano inawaka. Umwage oili chakavu, utie mpya, ubadilishe na chujio, yenyewe itaendelea kuwaka kwa sababu hakuna aliyeiambia. Inasubiri mtu abonyeze kitufe. Na mtu akibonyeza kitufe bila kugusa oili hata tone, itazima vilevile, kwa moyo mweupe kabisa.

Ofisi ya upimaji wa ardhi ilikuwa na magari manne na madereva wanne, lakini wawili tu ndio wanaotuhusu.

Wa kwanza aliitwa Kijiti. Jina lilitokana na kile kijiti cha chuma cha kupimia oili, ambacho alikichomoa kila asubuhi kabla hajasalimiana na mtu. Alikifuta kwa kitambaa, akakichovya tena, akakiinua usawa wa macho na kukitazama kwa kununa, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto wake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye usukani na alibakiza miwili kustaafu. Duniani alitaka kitu kimoja: astaafu akiwa dereva. Siku ya mwisho ashuke kwenye gari, akabidhi ufunguo, aende zake. Halikuwa ombi kubwa. Labda ndiyo maana hakuna aliyelitilia maanani.

Wa pili aliitwa Marashi, kwa kuwa gari lake lilinukia kuliko chumba cha maharusi. Zulia lilipigwa brashi, matairi yalipakwa dawa yakang'aa, na kwenye kioo palining'inia vikopo vitatu vya manukato vinavyogombana. Chini ya boneti ilikuwa nchi nyingine, na Marashi hakuwa mtu wa kusafiri.

Zamani ofisi ilikuwa na karakana yake. Ilifungwa, ikawa stoo ya viti vilivyovunjika, na kazi ikapewa gereji moja ya mjini. Kijiti alipeleka gari lake huko mara mbili. Kila mara lilikaa wiki mbili, likarudi na karatasi nzuri yenye mihuri miwili, pamoja na oili ileile liliyokwenda nayo. Mara ya tatu hakwenda. Kwenye stoo, nyuma ya viti, yalikuwa yamebaki mapipa mawili ya oili ya enzi za karakana. Basi kila ilipofika zamu, Jumamosi, alitandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, akaingia chali na spana namba kumi na nne na karai, akafanya kazi yake. Akimaliza aliandika tarehe na kilomita kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwa ndani ya boneti.

Taa hakuizima.

"Mzee, hiyo si unabonyeza tu?" Marashi aliwahi kumwuliza. "Inakuumiza macho bure."

"Taa ni ya gereji. Mimi nahudumia gari, sihudumii taa."

"Wakubwa wakiiona je?"

"Wakiiona watauliza. Wakiuliza, nitafungua boneti."

Kwa mawazo yake, kuzima taa ile kwa mkono wake kulikuwa sawa na mwanafunzi kujitilia saini kwenye cheti. Chema chajiuza, wanasema wahenga, kibaya chajitembeza. Ni wazi kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwahi kukaguliwa.

Ukaguzi ulifika pamoja na Afisa Usafirishaji mpya, bwana mmoja mwenye shati jeupe na kishikwambi mkononi. Alikagua magari yote manne kwa dakika kumi na moja. Utaratibu wake ulikuwa huu: anakaa kwenye kiti cha dereva, anawasha swichi, anatazama dashibodi, anaweka alama. Kwenye gari la Marashi alivuta pumzi ndefu ya manukato, akaweka alama mbili. Kwenye la Kijiti alisimamisha kidole hewani.

"Mzee wangu, hii taa imeanza kuwaka lini?"

"Mwaka na miezi saba, mkuu."

Afisa alishtuka. Alikuwa amezoea watu wa kumwambia "tangu jana."

"Na wewe unaliendesha tu?"

"Oili nimebadilisha mwenyewe wiki iliyopita. Ngoja nifungue boneti uone."

Afisa aliliangalia shati lake. "Haina haja. Ungebadilisha, ingezima."

"Taa haioni oili, mkuu."

"Ahaa. Kwa hiyo aliyetengeneza gari ni mjinga, fundi ni wewe?"

Marashi alicheka kidogo, kwa adabu, kiasi cha kusikika na mkubwa bila kumuudhi mzee.

Jumatatu tangazo lilibandikwa ukutani. Gari lililoteswa lipewe dereva makini ili apate kuliokoa, na dereva mzembe apewe gari zima ili asiwe na kisingizio. Tena, kuanzia siku hiyo, hakuna dereva atakayegusa oili. Sevisi zote ni gereji, na gari litapelekwa gereji pale taa itakapowaka. Ulikuwa uamuzi wa busara kabisa, kasoro yake ni kwamba magari yalikuwa kinyume.

Asubuhi ya Jumanne Kijiti alifungua boneti la gari la Marashi, akachomoa kijiti. Kilichotoka kilikuwa lami. Alikiinamisha ili lami ile idondoke, haikudondoka. Alipopiga stata injini iligonga kok-kok-kok, na ikaendelea kugonga hata ilipopata moto. Alizima, akabaki na mikono juu ya usukani. Hesabu yake haikuwa ngumu: injini hii itakufa, itafia mikononi mwake, na hapo atakayezikwa ni yeye. Alipanda ngazi hadi kwa Afisa.

"Mkuu, lile gari linakufa. Nipe karatasi ya gereji."

"Taa inawaka?"

"Haiwaki."

"Basi."

"Mkuu, oili imekuwa uji."

"Mzee wangu, mfumo hautoi karatasi bila taa. Na tafadhali, usiliguse. Tangazo umelisoma."

Jioni alirudi nyumbani, akamkuta mkewe kwenye cherehani akipiga mapindo ya sketi za shule, pini nne mdomoni. Watoto wao pacha walishakua na kuhama, lakini wao wenyewe hawakuwahi kurudia majina yao ya zamani.

"Mama Pacha, injini itanifukuzisha kazi."

Mkewe alitoa pini moja moja. "Ya kwako?"

"Ya Marashi. Ndiyo ya kwangu sasa."

Akamsimulia yote. Mkewe alisikiliza huku akikata nyuzi kwa meno.

"Hiyo taa inazimwa kwa kitu gani?"

"Kitufe."

"Na anayezimaga ni Marashi. Basi Baba Pacha, kinachozimwa na mtu kinawashwa na mtu. Kawashe."

"Huo si uongo?"

"Oili nzuri au mbaya?"

"Mbaya."

"Taa ikisema mbaya, uongo uko wapi?"

Kijiti alitafuta uongo ule hadi chakula kikapoa, hakuuona. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kusikia hoja safi kiasi hicho, na kama angekuwa mtu wa tahadhari, hilo peke yake lingemtisha.

Kesho yake alimfuata Marashi bombani, aliyekuwa akiosha ile pikapu ambayo hadi juzi ilikuwa ya Kijiti. Vikopo vya manukato vilikwisha kuhamia kiooni.

"Mwanangu, ule mchezo wa kitufe unachezwaje?"

Marashi aliacha mpira wa maji ukimwagika. "Haa! Mzee Kijiti! Leo mvua itanyesha mawe. Si ulikuwa huhudumii taa, wewe?"

"Dunia inabadilika."

"Njoo baba, njoo ufundishwe na vijana." Akakaa kwenye kiti, akafurahi kama aliyepata mwanafunzi wa chuo kikuu. "Unazima swichi. Unashikilia hiki kitufe, usiachie. Unafungua swichi bila kupiga stata. Unaona hivi vistari? Vinaondoka kimoja kimoja... sifuri. Kwisha. Sevisi ya sekunde kumi, na mikono haichafuki."

"Na hizi elfu tano, nani kazipanga?"

"Unajipangia mwenyewe. Bonyeza huku, chagua. Mimi naweka elfu kumi na tano, mambo ya kubonyezabonyeza yananichosha."

"Na mtu akitaka mia tano?"

"Mia tano? Mwendawazimu gani huyo?"

Kijiti alirudi kwenye gari alilopewa, akaweka mia tano. Akawachukua wapimaji na vyombo vyao, kwenda na kurudi, kila siku, akiendesha polepole kama aliyebeba mayai, akisikiliza kok-kok-kok na kuomba injini isitangulie kilomita. Siku ya nane, kwenye mteremko wa kuingia mjini, taa ya spana iliwaka. Wapimaji walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona mzee yule akitabasamu, na kwamba kwa kweli hakuwa na meno ya kazi hiyo.

Aliegesha chini ya dirisha la Afisa, akamwita. Safari hii Afisa alishuka mwenyewe, akakaa kwenye kiti, akaitazama taa kwa muda.

"Miaka mitatu," alisema, "gari hili limekaa na mwenzako, halijawahi kuwasha taa. Kwako siku ngapi?"

"Tisa, mkuu."

"Tisa." Akaandika.

Gari lilipelekwa gereji siku hiyohiyo. Kijiti alipelekwa kwenye kamati.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, meza moja na chupa za maji. Marashi aliitwa shahidi, akaja amevaa tai.

"Mimi mzee simsemi vibaya, ni kama baba yangu," alianza, na mtu akianza hivyo mzee husika anafaa kutafuta pa kushika. "Ila siku chache kabla, alikuja kuniuliza habari za kitufe. Nikashangaa. Nikamwambia, baba, vitu vya mtengenezaji si vya kuchezea."

Kijiti alimtazama. Marashi alikuwa akiitazama chupa ya maji.

"Mzee," mwenyekiti akauliza, "ulichezea taa, hukuchezea?"

Hapo palikuwa na njia ya kutokea, pana kama geti la uwanja. Taa iliwaka yenyewe, angesema, ni mambo ya mitambo, na katika wale watatu hakuna ambaye angeweza kumbishia. Lakini mwenye tabia yake hana dawa. Kijiti aliwaeleza yote kuanzia mwanzo: gereji, mapipa, karai, plasta, lami, mia tano. Aliongea dakika ishirini, kuliko alivyowahi kuongea mwaka mzima. Aliwaomba washuke naye uani, wafungue maboneti mawili, walinganishe kwa macho yao.

"Sisi hapa si mafundi, mzee wangu," mwenyekiti alisema kwa upole.

Katika dakika zote ishirini, katibu aliandika neno moja: *Amekiri*.

Kwa kuzingatia umri wake na utumishi wake wa muda mrefu, hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye usukani na kupangiwa geti hadi atakapostaafu. Ufunguo aliukabidhi mezani, juu ya karatasi, na mtu aliyeupokea alikuwa akiongea na simu.

"Mimi nilikwambia uwashe," mkewe alisema usiku ule, sketi ikiwa imesimama chini ya sindano. "Sikukwambia ukiri."

Wiki ya pili taarifa ya gereji ilisomwa kwenye kikao cha wafanyakazi. Oili ilikutwa imeganda. Gari lingeenda kilomita mia chache zaidi, injini ingekufa. Imeokolewa. Wafanyakazi walipiga makofi. Afisa alisimama akaeleza kwamba hayo ndiyo matunda ya kuuamini mfumo, na kwamba taa ni jicho. Kijiti alikuwa getini, lakini makofi aliyasikia.

Kwa kuwa jicho lilikuwa limesifiwa, geti nalo likapewa kazi yake. Kila gari linalotoka, mlinzi achungulie dashibodi na aweke alama kwenye daftari: taa inawaka, taa haiwaki. Lenye taa inayowaka lisitoke. Ndivyo Kijiti alivyofanywa mkaguzi wa taa za spana, cheo ambacho hakikuwahi kuwepo kabla yake.

Mwezi wa sita wa geti, saa tatu asubuhi, ile pikapu yake ya zamani ilikuja kutoka. Aliisikia kabla ya kuiona. Kok-kok-kok. Kwa sikio aliikadiria kilomita elfu tisa bila oili mpya, labda na ushee. Alisimama mbele yake, akaweka mkono juu ya boneti.

"Zima kidogo, Marashi. Nichomoe kijiti tu, dakika moja."

"Mzee, shikamoo. Kwenye dashibodi kuna taa?"

Kijiti alichungulia. "Hakuna."

"Kwenye daftari lako kuna safu ya kijiti?"

"Hakuna."

"Sasa nachelewa na wapimaji hawa, baba yangu. Nyanyua geti."

Kijiti hakuondoa mkono. Injini ilikuwa ikitetemeka chini ya kiganja, kwa namna ambayo haikuwahi kutetemeka miaka yake yote. Gari la nyuma lilipiga honi. Ghorofani dirisha lilifunguliwa, shati jeupe likachungulia.

"Mzee wangu! Taa inawaka?"

"Haiwaki, mkuu."

"Basi nini tena?"

Kijiti alirudi kwenye kibanda, akafungua daftari, akaweka alama mahali pake. Kisha akashika mti wa geti. Ulikuwa na jiwe kubwa lililofungwa kwenye ncha ya pili, kwa hiyo haukuhitaji nguvu yoyote. Ukiugusa tu, unapanda wenyewe.