Mgeni Aliyekuja na Pafu

Pale kwenye ukumbi wa shisha, ghorofa ya kwanza juu ya duka la magodoro, hakuna aliyekumbuka jina ambalo mhudumu huyu alipewa na baba yake. Wote walimwita Pafu, na jina alilistahili. Utotoni alipuliza mpira wa miguu kwa mdomo mpaka ukawa mgumu kama jiwe, wenzake wakibaki kushika mashavu.

Kazi yake ilikuwa kuamsha. Mteja akiagiza shisha, Pafu hupanga makaa juu ya kichwa cha shisha, hushika mpira wa kuvutia moshi, na kuvuta yeye kwanza, pumzi ndefu ndefu, mpaka maji ya chini yagugumie na moshi utoke mweupe, mzito. Ndipo hufuta mdomo wa mpira na kumpelekea mwenyewe. Wateja hawataki kuhangaika na shisha iliyolala. Na makaa yakififia, meza hii au ile, aliyeitwa ni yeye.

Dada aliyeosha vyombo alimwonya. "Pafu, kifua hicho si cha kuazima."

"Mimi sivuti, dada. Mimi naamsha tu. Mpishi akionja mchuzi, mtasema amekula?"

Wakacheka, yakaisha. Wala hakuwa mwongo, ndivyo alivyoamini. Siku ya mapumziko hakugusa kitu. Sigara hakununua hata moja maishani mwake. Tena moshi wenyewe ulinukia matunda, na ulikuwa umepita majini. Kitu kilichooshwa kwa maji, alijiambia, kitabaki na uchafu gani?

Nyumbani aliishi na mama yake, vyumba viwili mwisho wa korido. Macho ya yule mama yalikuwa yamekwisha kupofuka, lakini nyumba aliiendesha kwa masikio. Alijua maji yamechemka kabla sufuria haijalia, na alijua jirani gani amenuna kwa jinsi alivyofunga mlango.

Jioni moja Pafu akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Na huyo mwenzio, mbona hasalimii?"

Pafu akageuka. Korido ilikuwa tupu. Palikuwa na ndoo ya jirani na kandambili moja.

"Niko peke yangu, mama."

"Haya. Mwambie akae basi. Anapumua kama mtu aliyetolewa majini."

"Mama, uzee umeanza kukuletea wageni."

"Kilichozeeka ni macho. Masikio bado yangu." Akapapasa mezani, akaweka vikombe viwili vya chai, kimoja mbele ya mwanawe na kingine kando yake, mahali pasipo na mtu.

Kesho yake vikombe viwili tena. Na kesho yake. Mgeni, kwa maelezo ya mama, alikaa Pafu alipokaa na akainuka Pafu alipoinuka. Hakusema neno. Aligugumia tu, taratibu, kama maji yanayotafuta njia.

Pafu akaanza kuogopa korido ya kwao. Kabla ya kuingia alisimama, akageuka nyuma, akajicheka, halafu akageuka tena. Kazini nako ngazi zilikuwa zimerefuka. Katikati alisimama akijifanya anafunga kamba za viatu. Siku nyingine alikuwa amevaa kandambili.

Jumapili moja mchana mama yake akamwita. "Kaa hapa. Zuia pumzi."

"Ya nini?"

"Nimekuzaa, usiniulize ya nini. Zuia."

Akazuia, yeye bingwa wa pumzi. Redio ya jirani ilikuwa imezimwa. Nyumba ikatulia, nzi akasikika dirishani.

"Wewe umenyamaza," mama akasema polepole. "Yeye hajanyamaza."

Hapo Pafu akamsikia. Gu, gu, gu. Karibu sana, kama shisha iliyosahauliwa na mtu pembeni ya chumba. Akatazama pembeni. Palikuwa na ufagio. Kisha kikohozi kikampasua, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

Mama akangoja kikohozi kiishe. "Baba, mimi macho yangu ni wewe. Huyu hakuja kunywa chai. Amekufuata wewe, na ukienda naye mimi nitabaki gizani mara mbili."

"Nitapumzika, mama. Mwezi ukiisha."

Mwezi haukumngoja. Ilinyesha mvua mchana kutwa, ukumbi ukajaa, na katika chumba cha nyuma walikowashia makaa wakafunga dirisha wasilowe. Pafu akaamsha ya kwanza, ya pili, ya sita. Kichwa kikaanza kugonga.

Akainua macho, akaona mtu amekalia kreti lake, mgongo kwake, mabega yakipanda na kushuka. Maji kwenye chupa ya shisha yalikuwa yanagugumia. Mpira ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake, haukushikwa na mkono wowote.

"Wewe nani?" akauliza, akapiga hatua. Sakafu ikaja kumpokea.

Dada wa vyombo ndiye aliyemburuta mpaka kwenye ngazi, penye hewa, huku akimtukana kwa machozi.

Kule zahanatini, muuguzi aliuliza, "Kaka, unavuta shisha ngapi kwa siku?"

"Sivuti. Naamsha tu."

"Kuamsha ndiyo kufanyaje?"

Akaeleza.

"Kaka, hapo umenieleza kuvuta. Mteja anavuta yake, anaenda zake. Wewe umevuta za ukumbi mzima." Akamweleza kwamba makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa hewa nzuri, ndiyo iliyomwangusha. Maji huupoza moshi ukawa laini kooni, lakini sumu hayaiondoi. "Na mirija ya kifua chako imeshabana. Haitarudi ilivyokuwa. Ukiacha leo, utabaki na pumzi hiyo iliyobaki."

Aliacha siku hiyohiyo. Sasa anashona viatu chini ya ngazi za soko, kazi ya kukaa. Mpira wa mtoto wa jirani hawezi tena kuupuliza. Mama yake bado anaweka vikombe viwili.

"Bado yupo, mama?"

"Yupo. Ila siku hizi anakaa kule mlangoni."

Juzi jioni alimkuta koridoni bwana aliyechukua nafasi yake ukumbini, amekuja kumjulia hali. Kijana mnene, mcheshi, kifua mbele. Wakaingia pamoja.

"Shikamoo, mama."

Mama alikuwa amekwisha kuinua birika. Akalishusha, akainamisha sikio.

"Marahaba. Ongeza vikombe, baba. Leo mmekuja watu wanne."

Yule kijana akahesabu kwa macho, akacheka. "Nani tena, mama? Au umehesabu na moshi wa kazini ninaonukia? Mimi wala sivuti. Naamsha tu."

Pafu hakucheka. Alimvutia kiti, akafunga dirisha kuzuia kelele za nje, akakaa mbele yake.

"Ndugu yangu," akasema, "hebu zuia pumzi."