Kizibo cha network kilichobaki chumbani kwa marehemu

Wakuu, heshima kwenu. Kabla hamjanicheka nijicheke mwenyewe: niliwahi kusimama nje ya pazia la mjane aliye kwenye eda, nikamuulizia kizibo cha waya.

Mtakaosema chai, semeni. Nyumba ipo mpaka leo, Mtoni.

Ni miaka ya tisini mwishoni. Nyumba ya kupanga, korido katikati, kuta hazifiki juu. Ukikohoa huku unapewa pole kule.

Chumba cha mbele alikaa sista Rukia, anachapa kazi za watu kwa kompyuta. Mie nyuma kabisa, na form four yangu, kompyuta ya mtumba na printer. Rukia akimaliza kuchapa alikuwa anakujaga na diski, anagonga, namprintia.

Sasa mie na mlango hatukuwaga marafiki. Nikionekana nje watu wanauliza kama kuna moto. Hata kuinuka kumfungulia Rukia kulinichosha, nikaamua kufunga network, aprinti akiwa kwake.

Ilikuwa ya waya mmoja mrefu unaopita kwa kila mtu, na kila mwisho unafungwa kizibo kidogo cha chuma, terminator. Kikitoka kimoja tu, wote hampati kitu.

Mzee Salum, karani mstaafu jirani yangu, akaniambia, "Pitisha na kwangu, mwanangu ataniletea kompyuta."

Nikaupitisha juu ya ukuta, ukaishia kichwani pa kitanda chake. Kompyuta haikuja. Lakini kila mgeni alionyeshwa kizibo. "Na mie nimo humu," anasema, anakigusa.

Halafu Mzee Salum akafariki.

Tukazika, tukakaa matanga. Chumba kilitolewa vitu vyote, vikapangwa upya, na mkewe, Bi Hadija, akaingia eda. Mwanaume wa nje hapiti pale.

Rukia kurudi kazini, network imekufa. Na mkononi alikuwa na mitihani ya shule ya jirani. Mwalimu alishamwambia: hii ikitoka kwa wakati, kazi zote za shule ni zako.

Akaja na diski kama zamani. "Kaka, niprintie basi."

"Subiri sista, nakaribia kuipata."

Ningeipokea ile diski, uzi huu usingekuwepo. Lakini nilishajisifu nyumba nzima kwamba habari za diski zimekwisha. Nikafungua kompyuta, nikarudishia, nikafungua tena. Siku ikaisha hivyo. Kesho yake ndipo nikakumbuka mwisho wa waya uko wapi.

Nikaenda mpaka kwenye pazia. "Shikamoo Bi Hadija. Samahani, kuna kizibo cha chuma..."

Nikasikia akilia taratibu.

Nikarudi chumbani. Na bado, wakuu, diski sikuiomba.

Mchana mwalimu akafika. Mitihani hakuna. Akamwambia Rukia asante, akaenda nayo kwingine, na hakurudi tena. Rukia hakunigombeza. Alifunga mlango wake tu, na nilikuwa sijawahi kuuona umefungwa mchana.

Jioni dada yake Bi Hadija akanitolea kitambaa kimefungwa fundo. Ndani kuna kizibo. Akasema walipotoa vitu, mjane alikichomoa mwenyewe akakiweka pamoja na miwani na tasbihi ya mumewe. Alijua ni cha marehemu, jinsi alivyokuwa akikigusa.

Sikukirudisha kwenye waya. Nilimpa dada mtu akirudishe palepale kilipotoka.

Nilichojifunza: kwenye nyumba ya watu wengi, kabla hujatafuta kilichokatika kwenye waya, angalia nani kafiwa na nani anakusubiri. Waliowahi kufunga network nyumba za kupanga, karibuni mseme yenu. Wa kunisema pia waje, ila wamechelewa.

Maana Bi Hadija alishanisema jioni ileile, kwa sauti, kutokea nyuma ya pazia:

"Mie nimekaa ndani kwa eda ya mume wangu. Wewe mwanangu, miguu unayo, diski ipo, Rukia yuko hapo mbele. Umekaa eda ya nani?"