Leya za Akinyi na Goti la Mama

Nakumbuka siku moja, mwanangu. Wewe unayekaa mbele ya kompyuta kutwa, nisikilize.

Nilikuwa karani wa ramani katika ofisi moja ndogo huku kwetu Boito, nikijiona ndimi mimi. Kisha akaletwa Akinyi, msichana wa kutoka upande wa ziwa. Wiki tatu alizunguka mashambani akipima vijia ambavyo akina mama hupita na chai mgongoni, ili mkutano wa wakulima uone mahali pa kujenga kituo kipya cha kuuzia majani. Bosi akamsifu. Hilo nilimeza. Lakini kufika nyumbani, nasikia mama yangu amempa mursik, maziwa yetu ya mgando, tena kwa kibuyu cha wageni! Mimi mtoto wa tumbo lake kibuyu hicho nilikuwa nakiosha tu. Wivu ulinikaba, siwezi kukuficha.

Siku moja kabla ya mkutano, Akinyi alipigiwa simu kwamba mtoto wake anaumwa. "Dada Chebet, nifungie kompyuta. Nimesevu kila kitu," akasema akikimbia.

Nikaangalia. Alikuwa amesevu mradi tu, na mradi ni kama orodha ya vitu vya ghala, si vitu vyenyewe. Leya, yaani zile tabaka za ramani zenye vijia na mashamba, zilikuwa bado za muda, hazijawekwa kwenye faili. Kompyuta yenyewe ikaniuliza: leya hizi zitapotea, nifunge? Ningezisevu kwa dakika moja. Nikabonyeza ndiyo, nikajiambia kosa ni lake.

Daftari lake la vipimo lilikuwepo, lakini kuchora upya ni kazi ya siku nyingi na mkutano haukungoja. Akinyi alisimama mbele ya watu mikono mitupu, machozi yakimtoka. Wazee wakakata shauri bila ramani ya kuwaonyesha kwamba vijia vingi hutoka bondeni: kituo kijengwe juu, kando ya lami. Na mama yangu, mwanangu, anaishi bondeni, goti lake bovu.

Nilimwambia mama ukweli tukiwa jikoni. Hakunigombeza. Alibeba kikapu chake cha chai mgongoni akasema, "Twende. Utembee na mimi, uone ile njia uliyoifuta."

Tulipanda kilima. Alipumzika mara tano. Nilipoomba nimbebee, alikataa.

Akinyi nilimwomba msamaha, akanisamehe. Kituo hakikuhama.

Kwa hivyo sevu kila leya kwenye faili yake kabla hujafunga, usidanganywe na mradi. Na ukikuta mwenzako hajasevu yake, isevu, hata kama roho inakuuma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu alikuja na dawa, nikaimwaga. Husemwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilimwingiza mama.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kufurahia sifa za mwenzako, na mama yako asipande kilima kwa sababu yako.