Paneli Zilizotazama Barabara

Niliacha shule darasa la sita, lakini ulizia fundi wa sola kuanzia Kitale hadi Sirisia, utaonyeshwa duka langu. Wenye diploma huniletea inveta zilizowashinda. Hayo si majivuno, ni kazi.

Kwa hivyo mama alipoanza kudungwa insulini, dawa ambayo lazima ikae kwa baridi, sikungoja stima ifike kwao. Nilimpelekea nyumbani kwake Kamukuywa friji mpya, betri mbili na paneli nne. Mahali pazuri pa paneli palikuwa nyuma ya jikoni, kwenye stendi, jua linapopiga kutwa. Mimi nikazifunga juu ya mabati, upande wa barabara. Nilitaka watu wakienda sokoni wazione, waseme kijana wa yule mama ameinuka.

Upande huo kuna mti ambao mama aliupanda kando ya kaburi la baba. Hakutaka ukatwe. Kila mteja mimi humwambia kwamba kivuli kikigusa kona tu ya paneli moja, zote zilizoungwa nayo zinalegea. Kwetu nikasema, ah, ni kivuli kidogo.

Mvua zikaja, matawi yakanenepa. Dada yangu, anayeishi na mama, akapiga simu kwamba friji inazima kila mara. Nilikuwa juu ya paa la shule fulani Kitale, kazi kubwa, watu wakinitazama. Nikamwambia wanafungua mlango ovyo. Wiki iliyofuata akapiga tena, nikamuuliza yeye alisomea sola wapi. Mama akachukua simu.

"Baba," akasema, ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "mashine yako imechoka kunishinda. Kuja uione."

"Jumamosi, mama."

Jumamosi mbili zikapita. Sukari ikapanda, akapelekwa hospitali Bungoma akiwa hajitambui. Daktari alishika kichupa cha insulini alichokibeba dada, akauliza tulikuwa tunakiweka wapi. Nikasema kwa friji. Mama alirudi nyumbani kwa jeneza.

Baada ya mazishi nilipanda juu ya mabati, nikazihamisha paneli hadi nyuma ya jikoni. Ilinichukua asubuhi moja. Asubuhi moja, bana. Friji ikanguruma vizuri, ikagandisha maji.

Dada yangu alisimama mlangoni. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama aichomoe, maana haina dawa tena ndani.

Nilimwambia aiache iwake.